Kazi ya Kurusha Ndege

Tarehe 4 Januari

Shikamoo mjomba,

Huku sote tupo, ukiondoa goti la bibi ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea. Mama bado anapanga mafaili pale ofisi ya ardhi na bado ana ugomvi na feni ya dari. Mimi nimehamisha cherehani zangu. Karakana mpya ina dirisha kubwa, kwa hiyo sasa ninaona ninachoshona. Wiki hii nimevalisha viti tisa vya pikipiki na kiti kimoja cha daktari wa meno, ambacho hata mimi niliogopa kukikalia.

Bibi anakusalimu. Yuko hapa pembeni ananisimamia, na atataka nimsomee barua nzima kabla sijaifunga. Simu hataki kabisa. Anasema maneno ya simu yakishasemwa yamekwisha, lakini barua unaweza kuirudia.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka nilikuambia nimejiunga na chama cha waendesha pikipiki? Mwezi wa kwanza walinicheka, mwezi wa pili wakaniletea viti vyao niwashonee, mwezi wa tatu wakanifanya katibu. Tuko ishirini na saba. Kila mwaka tunafanya safari moja ndefu ya pamoja, na safari hii mwenyekiti aliuliza kikaoni twende wapi. Wengine wakasema bwawani, wengine mpakani. Mimi nikasimama nikasema, twende kambi ya jeshi la anga, mjomba wangu ni rubani pale. Ukumbi mzima ulinyamaza, mjomba. Hata yule muuza betri, ambaye hajawahi kunyamaza. Tukapiga kura, ikapita bila mpinzani.

Kwa hiyo naomba utusemee kwa wakubwa wako. Tunataka tuingie, tuzione ndege kwa karibu, tupige picha, tuondoke. Na bibi ana ombi lake, ameniambia niliandike kama lilivyo: "Mwambie nataka picha yake akiwa amekaa ndani ya ndege yake. Ile ya ukutani amesimama tu."

Ile ya ukutani unaijua, wewe na ovaroli na vile vikombe vya masikioni. Inaning'inia juu ya kopo lake la barua tangu nikiwa na miaka tisa. Barua yako ya kwanza bado iko juu kabisa ya nyingine zote: "Mama, nimepata kazi kambini, kazi ya kurusha ndege." Mimi ndiye niliyemsomea siku ile. Akaniuliza, maana yake nini? Nikamwambia, anaendesha ndege, bibi. Akatoka kwenda kuutangazia mtaa mzima akiwa na kandambili mguu mmoja.

Tunangoja jibu lako.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Na wewe mama, shikamoo. Najua unasikiliza. Hilo goti lipakwe mafuta ya moto na lisiulizwe habari za mvua.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ya huku haijatania, na majani kando ya njia ya kurukia yamefika magotini. Hiyo si habari njema. Yakiwa marefu, kware wanajificha humo. Yakikatwa mafupi mno, kunguru wanashuka kuchokoa funza. Yanatakiwa yavuke kifundo cha mguu kidogo tu, na mwenye mashine ya kukatia haelewi hata umwambieje. Nimegombana naye wiki tatu. Dada naye umwambie asipandishe mkono kwenye ile feni, amwite fundi.

Kuhusu hiyo safari yenu. Mimi sioni kama ni wazo zuri. Ni kilomita mia tatu na kumi, na sehemu ya katikati imechimbika. Langoni watu wanakaa saa nzima juani. Na ukishaingia, ndege zenyewe unaonyeshwa mbili tatu, umekatazwa kugusa. Bwawani kuna upepo na kivuli, na nasikia kuna hoteli nzuri. Mwambie mwenyekiti wako kwamba mjomba anasema bwawani.

Picha nitaangalia.

Mjomba wako


Tarehe 6 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako imesomwa mara nne. Nusu ya ukurasa majani! Nikamwambia bibi, rubani gani huyu anayepima urefu wa majani? Akanikemea kwamba rubani mzuri huangalia kila kitu. Kwa hiyo umeokoka.

Mama ameita fundi. Fundi amesema feni haina kosa, dari ndiyo mbovu. Sasa ugomvi umehamia kwenye dari.

Mjomba, umechelewa. Mwenyekiti hakungoja. Aliandika kambini mwenyewe kwa karatasi yenye nembo ya chama, na wamejibu, tena kwa heshima. Wana siku ya wageni, Jumamosi tarehe 16 Mei. Tutaonyeshwa banda la ndege, tutaongea na marubani, na tukimaliza tutapita kwa msafara barabara ya pembeni ya njia ya kurukia, hadi lango la pili. Wenzangu hawalali. Mwenyekiti amepaka rangi tangi upya. Kila mmoja ananiuliza, mjomba wako anarusha ndege aina gani? Najibu kwamba ni siri ya jeshi.

Hukuandika kama umefurahi tunakuja. Labda umesahau tu.

Bibi hajambo. Bado ana ule mtindo wake: ndege ikipita juu, anaacha lolote alilolishika, anatoka uani na kusimama huku ameikazia macho mpaka ipotee, halafu anabaki kidogo akisikiliza. Juzi chai ilimwagikia jikoni kwa sababu hiyo. Najua anakuaga kimoyomoyo. Nikija nitakuletea salamu zake zote, nawe unipe hiyo picha.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na shikamoo mama. Mimi mzima, majani yamekatwa.

Nasikitika tarehe 16 sitakuwepo. Nitakuwa safarini kikazi. Haikuwezekana kubadilisha.

Lakini nisikilize. Kabla hamjaingia barabara ya pembeni, simamisha wote, kila mtu akaze nati zake zote, za sahani ya namba, za kioo, za madigadi. Kitu kidogo kama punje ya mahindi kikianguka pale kikafyonzwa na injini, ndege haifiki. Usione ninakuchosha. Na uendeshe polepole kwenye ile sehemu iliyochimbika.

Mjomba wako


Tarehe 20 Mei

Shikamoo mjomba,

Barua yako ya kusema utakuwa safarini imefika jana, siku mbili baada ya sisi kurudi. Pole na safari.

Bibi amekaa hapa, chai mkononi, na huu ni mwanzo wa tatu kwa sababu ule wa kwanza na wa pili aliona nimeruka mambo. Kwa hiyo naandika yote tuliyoyaona.

Tulitoka jua linachomoza. Kwenye msafara tunapanga mistari miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, tumeachana, hakuna anayempita mwenzake. Mwenyekiti mbele. Mimi ni mfunga msafara: wa mwisho kabisa, kazi yangu kuhakikisha hakuna anayebaki njiani. Pikipiki mbili zilipata pancha kwenye ile sehemu uliyosema. Muuza betri aliishiwa petroli, akasingizia plagi.

Langoni hatukukaa hata robo saa. Afisa aliyetupokea ni mtu mpole mwenye sauti ya mwalimu. Banda la ndege ni kubwa kuliko soko letu, na sakafu yake safi kuliko sahani zetu. Ndege zenyewe, mjomba, kwa karibu ni ndogo. Nilidhani zitanitisha, nikazionea huruma, zimetulia na kamba magurudumuni. Rubani mmoja kijana alituruhusu kuangalia kiti chake. Wenzangu waliangalia vioo na mishale. Mimi niliangalia mshono. Ni mshono wa mara mbili, umepigwa na mtu anayejua kazi.

Nilimtajia afisa jina lako kamili. Akatabasamu. Akasema wewe unajulikana pale kuliko hata mkuu wa kambi. Akanyoosha kidole kunionyesha upande unaofanyia kazi. Nikatazama huko. Baada ya hapo sikuuliza kitu kingine.

Wakati tunasubiri kupanga msafara tulimwona mtu mmoja mbali, kwenye majani ya kando ya njia ya kurukia. Ana pikapu kuukuu yenye honi nne juu ya paa, kizibao cha kung'aa, na debe alilolifunga kiunoni. Kundi la korongo lilikuwa limetua mbele yake, kwenye njia yenyewe. Hakukimbia. Aliwazunguka taratibu mpaka upepo ukawa mgongoni kwake, ndipo akapiga debe mara tatu. Wakaruka wote kwa pamoja, wakaelekea mtoni, wala hakuna aliyerudi. Dakika moja baadaye ndege ikatua palepale walipokuwa. Afisa akasema pale wanamwita Kelele, na kazi yake wao wanaiita kurusha ndege. Bibi amecheka sana niliposoma hapa. Anasema, kumbe na hao wa manyoya wanarushwa.

Anatembea mkono mmoja mgongoni, huyo Kelele, kama bibi akienda dukani.

Kisha tukapita. Wote ishirini na sita walitangulia na mimi nyuma. Katikati nilitazama kioo nikamwona ameingia barabarani baada yetu, ameinama, anaokota kitu. Nadhani alifikiri wote tumekwisha kupita. Nikasimama. Tulikuwa mbali kama kutoka karakana yangu mpaka kisimani. Nikavua kofia. Yeye akageuka akanipa mgongo.

Nikawasha pikipiki nikawafuata wenzangu. Waliniuliza mjomba yuko wapi, nikasema yuko kazini.

Picha ya bibi haikupatikana.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 15 Juni

Mpwa wangu, na mama, shikamoo,

Mimi mzima. Nimefurahi mlifika na kurudi salama. Salamu kwa dada na dari yake. Huku kiangazi kimeanza, vumbi linaingia hata ndani ya sanduku la nguo. Kazi inaendelea kama kawaida. Mama, hilo goti usilipandishe ngazi. Picha bado naishughulikia.

Mwanao, na mjomba

(karatasi ya pili)

Sindano,

Ni mimi. Unajua ni mimi, na mimi najua unajua, basi tusizungushane.

Sijawahi kurusha ndege yenye injini. Sijawahi hata kupanda, hata ya abiria. Nilikuja hapa kuomba kazi yoyote, wakanipa debe. Mzee aliyenifundisha ndiye aliyeiita kazi ya kurusha ndege, na mimi nikaliandika neno hilo kwa mama kwa kufurahi tu, nikijua nitamfafanulia barua ya pili. Kabla ya barua ya pili dada akaniandikia kwamba mama ametembea nyumba hadi nyumba akisema mwanangu rubani, na kwamba tangu baba afariki hajamwona amesimama wima namna ile. Nikasema nitamwambia mwezi ujao. Huo mwezi ujao una miaka ishirini na miwili sasa. Ndiyo maana nikija nyumbani nakaa siku mbili na kuondoka. Siku ya tatu watu huanza kuuliza maswali ya angani.

Kazi yenyewe siionei haya, nataka ulijue hilo. Kabla sijaja, kunguru mmoja tu aliingia kwenye injini na rubani hakurudi. Tangu nianze hajapotea hata mmoja. Yule kijana aliyewaonyesha kiti chake, kila akitua ananinyooshea vidole viwili. Mimi namjibu kwa debe. Ninachokionea haya ni mama, na sasa ni wewe.

Siku ile nilisikia injini zenu tangu mko barabara kuu. Korongo wa asubuhi ile waliruka wenyewe kabla sijagusa debe. Nikasimama nyuma ya bohari la gari la zimamoto kama mwizi. Nilikujua hata kabla hujavua kofia, kwa sababu ni wewe tu uliyefuta kiti cha pikipiki kabla ya kukikalia. Ulipovua ile kofia, miguu ilitaka kuja. Sijui kwa nini nilikupa mgongo. Najua. Nilikuwa na debe kiunoni, na wewe ulikuja kumwona rubani.

Nilichookota ni nati hii, nimeibandika hapa chini. Imetoka kwenye pikipiki moja yenu. Niliandika wakaze.

Nisamehe, mpwa wangu. Na nishauri namna ya kumwambia mama, maana nimejaribu kuandika mara nyingi na kila mara nachana karatasi.

Karatasi hii usimsomee mama.

Kelele


Tarehe 3 Julai

Shikamoo mjomba,

Leo sianzi na goti la bibi.

Onyo lako umeliandika mwisho. Mstari wa mwisho kabisa wa karatasi, mjomba! Mimi husoma kuanzia juu kama watu wengine. Miaka ishirini na miwili unamsomea mama yako barua kupitia kwangu, na hujui kwamba huwa sichungulii mbele?

Nilimaliza ile karatasi ya kwanza. Bibi akasema bado kuna nyingine. Nikaikunjua, nati ikabanduka ikabingirika chini ya kabati, tukaitafuta kwa mwiko huku tunacheka, nikakaa nikaanza kusoma. "Ni mimi. Unajua ni mimi." Nilipofika kwenye injini nikasimama. Bibi akasema, endelea. Nikajitia mwandiko hausomeki. Akasema, "Mimi sijui kusoma, lakini najua kuvungwa. Endelea."

Nikasoma yote. Mpaka onyo lenyewe nikalisoma, nikiwa tayari sina la kuokoa.

Bibi akauweka mwiko chini. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hajawahi kupanda huko juu?"

Nikasema, hata mara moja, bibi.

"Yuko chini?"

"Yuko chini. Na debe."

"Miaka yote hiyo alikuwa chini?"

Nikasema ndiyo. Akajifunika uso kwa upindo wa nguo yake, mabega yakawa yanatetemeka, na mimi nikajua nimemuua. Nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa na miaka tisa nikajifanya najua maana ya neno. Wewe uliandika kurusha, mimi ndiye niliyekupandisha ndani. Hilo nakuambia na wewe pia, mjomba, kwa sababu nimelibeba tangu ile siku ya kioo. Sikukasirika kwamba wewe si rubani. Nilikasirika umenipa mgongo, na bado nimekasirika kidogo, nitakuambia ukija.

Bibi alipofunua uso nikaona anacheka na kulia vyote pamoja. Akaniambia, "Wewe mtoto, ulidhani nilikuwa nasimama pale uani kumuaga? Nilikuwa nasikiliza kama injini inalia sawasawa. Kila ndege iliyopita juu ya nyumba hii nilikuwa nasema ni yake, na nilikuwa naingoja ianguke."

Miaka ishirini na miwili, mjomba. Na mimi nilikuandikia kwamba anakuaga. Niliishi naye nyumba moja na sikuona.

Kisha akakasirika. Alikasirika mpaka mama akatoka chumbani na fagio akidhani kuna nyoka. Alichosema baada ya hapo ameniamuru nikiandike bila kupunguza, nami ni katibu, naandika:

"Mwambie nimemkasirikia. Mwambie mtaani nitakwenda mwenyewe, nyumba hadi nyumba kama mwanzo, na kandambili zote mbili. Mwambie mtu anayewarudisha watoto wa wenzake chini wakiwa hai hana haja ya kujificha nyuma ya gari la zimamoto. Muulize kama hao ndege anawaumiza. Kama hawaumizi, vizuri. Na mwambie aje akae wiki mbili, siyo siku mbili, na aje na hilo debe nilione."

Nimemjibu kwamba huwaumizi, unawarusha tu.

Chamani nimewaambia ukweli kwenye kikao cha Jumapili. Muuza betri amenyamaza kwa mara ya pili. Mwenyekiti alikagua pikipiki yake, akakuta nati ya madigadi haipo, akaona haya mbele ya watu wote. Anaomba arudishiwe. Bibi amekataa, ameitia ndani ya kopo la barua, juu kabisa, na kopo halifunguliwi kwa ajili ya mwenyekiti yeyote. Ile picha ya ukutani nayo haitoki. Ila sasa wageni wanaambiwa kwamba vile vikombe vya masikioni ni vya kuzuia kelele za debe.

Jana ndege mbili zilipita juu ya paa, chini kabisa, mpaka sufuria zikatetemeka. Bibi alikuwa amekaa uani anachambua maharage. Nilijikuta mimi ndiye niliyesimama. Yeye hakuinua kichwa. Alitupa jiwe moja pembeni, akaendelea kuchambua.

Mpwa wako,
Sindano